Upande wa Kulia wa Ini Langu

Kwa miezi mitano nilimpigia dada yangu Zuhurah simu mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na salamu ndefu sikuwa nazo. "Umemeza?" Naye hujibu, "Nimemeza." Nakata. Wateja wa kibanda changu cha chai pale Arua walizoea kuniona naziacha sambusa kwenye karai kwa ajili ya simu hiyo. Aliyelalamika kwamba yake imeungua nilimwambia akanunue kwingine.

Ini lililo tumboni mwa Zuhurah ni langu. Sisemi kwa mafumbo. Lilikatwa kwangu, upande wote wa kulia, likashonwa kwake, na mwili wake haujakubali hadi leo kwamba ni mgeni wa heri. Asipomeza vidonge vyake kila baada ya saa kumi na mbili, mwili unalishambulia. Mwezi wa tatu baada ya kurudi nyumbani alikwenda harusini Ludara, akasahau vidonge Koboko, akakaa siku mbili anacheza na kula pilau. Macho yakarudi kuwa ya njano, akalazwa wiki nzima. Tangu siku hiyo kazi ya kumkumbusha nikaichukua mimi, kwa sababu watu wengine wote katika ukoo wetu saa wanavaa kwa urembo.

Mimi ni Madinah, mtoto wa kati wa marehemu Sajini Taban. Tuko watatu. Zuhurah ni mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi Koboko. Yasiri ni mdogo, mtoto wa kiume pekee, ana duka la vipuri vya pikipiki hukohuko Koboko, wake wawili na watoto saba. Mimi niliolewa mara moja, nikaachika, sikuzaa. Naliweka hilo mezani mapema, maana litarudi.

Mama alifariki Yasiri akiwa bado ananyonya. Zuhurah alikuwa na miaka kumi na minne. Ndiye aliyetuogesha, akatusuka, akatuchapa. Nilipoachika na kurudi na sanduku langu moja, yeye ndiye aliyenipokea kituoni na kusema nisilie mbele za watu. Kwa hiyo ugonjwa wake wa ini ulipofika mwisho, tumbo limejaa maji na macho kama bizari, sikuhitaji kuombwa.

Lakini aliyesimama kwanza ni Yasiri. Ukoo ulikaa Koboko, nyumbani kwa Shangazi Zam, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Siraji, mume wa Zuhurah, akaeleza walivyoambiwa: huku kwetu hakuna ini la kusubiri kutoka kwa aliyekufa, lazima ndugu aliye hai akatwe, na hospitali iko India. Yasiri akainuka, akashika kifua. "Mimi natoa. Hata leo." Vigelegele hapo usiulize. Mbuzi akachinjwa, na ini la mbuzi lote akawekewa Yasiri kwenye sahani yake, eti liongezee lake. Mimi nami nikasema niandikwe. Shangazi Zam akanitazama kuanzia juu hadi chini, jinsi nilivyojaa wakati ule. "Yako wewe waache," akasema. "Hiyo iko kaangwa tayari." Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Vipimo vilisimamiwa na Sista Stella Kiden, nesi mmoja wa Ludara anayefanya kazi katika kliniki ya Arua na kuwasiliana na madaktari wa India. Mwanamke mpole, lakini akishasema amesema. Alianza na damu. Siraji akatolewa palepale, kundi lake si la Zuhurah. Watoto wa Zuhurah bado wadogo. Tukabaki Yasiri na mimi, wote damu O kama dada yetu, wote hatuna kirusi cha ini. Yasiri akatangulia kwenda Kampala kupigwa picha ya skani, ile inayoonyesha ini lina ukubwa gani, mishipa imepita wapi, na likikatwa kitabaki kiasi gani.

Wiki mbili baadaye Kiden akatuita. "Yasiri hatafaa," akasema.

"Iko na nini?" nikauliza.

"Sababu hatusemi, Madinah. Ni siri ya mtoaji."

Unadhani ukoo ulilala? Siku ileile ikajulikana kwamba Yasiri naye ana ini bovu. Masikini Yasiri, alitaka kumwokoa dada yake kumbe naye anaumwa. Na nani alimhurumia kuliko wote? Mimi. Kila Ijumaa nilipanda gari kwenda Koboko na vyungu vyangu, nikampikia ugali wa mihogo na mboga za kuchemsha bila tone la mafuta. Miezi miwili. Alikula amenyamaza, anatazama chini. Nikasema moyoni, anaogopa kufa, mtoto wa mama yangu.

Kisha ikawa zamu yangu, na Shangazi Zam hakukosea sana. Ini langu lilikuwa na mafuta. Daktari alisema nipunguze kilo kumi ndani ya miezi mitatu, la sivyo halikatwi, maana ini la mafuta likigawanywa huumia pande zote mbili, kwa anayetoa na kwa anayepokea. Mimi, muuza sambusa! Niliacha kuonja. Kila alfajiri nilitembea kutoka mjini hadi Dadamu na kurudi, wanawake wanaokwenda shambani wakiniuliza nimeibiwa nini ninachokitafuta kila siku. Miezi mitatu, kilo kumi na moja. Nguo zangu zikanipwaya nikawa kama nimeazima.

Kabla ya skani yangu Kiden alinifungia mlango wa ofisi tukabaki wawili. "Hili namuuliza kila mtoaji, akiwa peke yake," akasema. "Mutu mmoja kwa mia mbili, mia tatu hivi, anakufa akitoa. Kama hutaki, uniambie mimi tu. Nitaambia familia haufai, na sababu sisemi. Hakuna atakayejua, hata Zuhurah."

Nilikasirika. "Nani anaweza kukataa dada yake?"

"Wapo," akasema, "na si wabaya." Nikatia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Skani ikaleta jambo jingine. Kule India, daktari mpasuaji alituchorea mimi na Zuhurah kwenye karatasi. Ini alilichora kama pande mbili, kubwa la kulia na dogo la kushoto. La kulia linakwenda kwa dada, la kushoto linabaki kwangu na kukua tena, ndani ya miezi michache limejaa karibu kama zamani. Tatizo langu ni mirija ya nyongo. Watu wengi upande wa kulia wana mrija mmoja, unakatwa na kuunganishwa mara moja. Mimi nilikuwa na miwili. Kwa hiyo kuunganisha mara mbili, kufunga mara mbili, na nyongo ina nafasi mbili za kuvuja. Tena kitakachobaki kwangu ni asilimia thelathini na nne tu, na chini ya thelathini hawakati kabisa. "Inawezekana," akasema daktari kwa mkalimani, "lakini kama mngekuwa na mtoaji mwingine, ningemchukua huyo." Nikamtazama Zuhurah. Zuhurah alikuwa anatazama dirishani.

"Mwingine hakuna," nikasema mimi.

Walinifungua kutoka chini ya kifua, wakashuka, wakakunja kulia. Ilichukua saa saba. Upasuaji wake yeye ulichukua saa kumi na mbili. Siku ya sita walinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kitandani kwake. Weupe wa macho yake ulikuwa umerudi. Nililia kama mtoto, mshono ukaniuma, nikaendelea kulia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na siku hiyo sitakubali mtu aniondolee, hata yeye mwenyewe.

Siku ya tisa nyongo yangu ikavuja. Wakanitoboa ubavuni, wakaweka mpira wa kutolea maji, nikakaa na homa na mfuko wa nyongo umening'inia wiki tatu. Zuhurah alikuwa ameshaanza kutembea kwenye korido. Alikuja kila siku, akanishika mguu kupitia shuka. Nilidhani ni upendo. Labda ulikuwa upendo. Sijui nauitaje sasa.

Basi, mwezi wa kumi tangu tupasuliwe, Kiden alitaka picha zetu za zamani ili alinganishe kabla ya kipimo cha mwaka. Nikaenda Koboko kuzichukua. Zuhurah alikuwa darasani, akaniambia kwa simu bahasha iko ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda. Nikaikuta, bahasha kubwa ya kahawia. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kupanga vitu, nikaanza kupanga, za kwake huku, zangu kule. Ndani ya filamu zake ilikuwa imekunjwa karatasi moja ya Kampala. Juu yake imeandikwa Yasiri Taban.

Zamani nisingeielewa. Lakini mtu akishapita njia hiyo anajifunza kusoma karatasi hizi kama mkulima anavyosoma mawingu. Mafuta, hakuna. Mrija wa nyongo wa kulia, mmoja. Mshipa mkuu, wa kawaida. Kitakachobaki, asilimia arobaini na moja. Nikaisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari. Ini zuri kuliko hilo daktari wa India angelibusu.

Kwanza nilicheka, kwa sababu niliukumbuka ugali wangu wa bila mafuta. Kisha nikaichukua bahasha yote, nikatoka.

Duka la Yasiri haliko mbali. Nilimkuta amechuchumaa anatia cheni mafuta. "Yasiri," nikasema, "ini yako iko na nini?"

"Si nilikuambia, dada? Iko na shida kidogo."

Nikaiweka karatasi juu ya kiti cha pikipiki, mbele ya pua yake. Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama anayetawadha.

"Kiden alikuuliza kama unataka," nikasema, "na wewe ukasema hutaki."

"Mimi nilitaka, Madinah. Haki ya Mungu. Nilitoka Kampala na hiyo karatasi nikapeleka moja kwa moja kwa Dada. Nikamwambia iko safi. Nikamwambia pia Kiden anasema mutu anaweza kukataa na yeye atafunika. Nilisema kama kuongea tu." Akakikunja kile kitambaa. "Dada alilia. Halafu akasema, basi nenda, sema hutaki. Tutachukua ya Madinah."

Sikusikia vizuri, au nilisikia. "Nani alisema?"

"Yeye mwenyewe. Mimi niliogopa, sikatai, lakini mimi sikuanza." Akainua macho. "Si mimi nilikuchagua."

"Na ugali yangu ukala miezi mbili."

"Ulikuwa unaleta mwenyewe. Ningesema nini?"

Mdogo wangu ningemsamehe siku moja. Mwoga ni mwoga, anajulikana. Nilikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Zuhurah, nikakaa barazani na bahasha mapajani, karatasi ya Yasiri juu yake, mpaka akatoka shule, amebeba madaftari ya kusahihisha. Amenenepa, ngozi inang'aa, anatembea kwa ini langu. Aliiona karatasi kabla hajaniona uso, akaweka madaftari chini polepole.

"Hii sikuichoma," akasema. "Kila siku nilisema nitaichoma."

"Dada, niambie ni uongo."

"Si uongo." Akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo nami. "Nilikaa usiku na usiku nikipima. Kama mutu anakufa pale juu ya meza, nani atabaki kulia? Yasiri iko na watoto saba. Baba alinishika mkono akasema jina la nyumba yake lisipotee. Yasiri akikufa mimi nasema nini kwa wale watoto?" Akanitazama, na nitakiri hakukwepa. "Wewe iko na nani, Madinah?"

Wanaume wote waliowahi kunitukana kwa kukosa mtoto, pamoja na yule aliyeniacha, hawakuwahi kunifikisha pale. Kilichonitoka mdomoni ni kidogo tu.

"Nilifikiri iko na wewe."

Zuhurah akafunika mdomo kwa ushungi.

"Ulijua yangu iko na mirija mbili?" nikauliza. "Siku ile daktari anachora, anasema angechukua mtoaji mwingine, ulikuwa unajua mwingine yuko Koboko anauza cheni?"

"Nilijua. Nilikubali iingie kwangu hivyo, na hatari yake. Hata mimi nilijiweka hapo."

"Wewe ulijiweka. Mimi uliniweka."

Akaanza kuyapanga madaftari yake upya.

"Ungeniambia ukweli, Dada. Ungesema, Madinah, Yasiri iko na watoto, naomba wewe. Ningetoa. Unajua ningetoa?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Niliona haya," akasema. "Kukuambia kwa mdomo wangu wewe ndiye wa kupoteza. Niliona haya."

Miaka yote ile nilijua watu wananihesabu wa ziada. Shangazi Zam ananihesabu, majirani wananihesabu. Nyumba moja tu niliamini sihesabiwi hivyo, na ndiko nilikopimwa na kuwekewa alama. Nilisimama, mshono wa ubavuni ukanivuta kama unavyovuta nikiinuka kwa hasira. Nikamwachia bahasha yote.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "mwenye watoto saba akukumbushe dawa."

Nilipanda gari kurudi Arua sikumwaga chozi. Saa mbili usiku ule simu ilikuwa mezani, nikaigeuza uso chini. Nikaosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Nilijisemea kwamba Zuhurah ni mwalimu, ana saa ukutani, ana mume. Nilijisemea pia kwamba harusi ya Ludara ilikuwa na saa ukutani, na mume alikuwepo.

Asubuhi niliwasha moto kama kawaida. Saa mbili ikafika, nikatia sambusa kwenye karai. Saa mbili na robo. Mteja mmoja, dereva wa lori, akaniuliza, "Mama, leo hupigi ile simu yako?" Nikamwambia anywe chai. Nikaweka mkono ubavuni, pale palipokunjwa kulia. Ndani mwangu limeshakua, daktari alinionyesha kwenye picha, limejaza nafasi. Lile jingine liko Koboko. Lilizaliwa nami, likatembea nami Dadamu na kurudi kila alfajiri kwa miezi mitatu, likasafishwa mafuta. Halikumkosea mtu. Na sasa limekaa ndani ya mwili usiolitaka, linasubiri kidonge.

Saa mbili na dakika ishirini na tano nikaichukua simu. Iliita mara moja tu.

"Umemeza?"

Nikasikia anapumua.

"Zuhurah, umemeza?" Sikumwita Dada.

"Hapana," akasema. "Hata jana usiku. Nilikuwa nangoja simu yako."

Nilipandwa na hasira mpaka macho yakaona giza. Mwanamke mzima, mwalimu, ameacha dawa akisubiri nimwonyeshe kama bado anapendwa, na anachochezea si chake. "Ya jana iache, usimeze mbili," nikasema. "Chukua ya leo. Sasa. Nataka kusikia maji."

Nikasikia kopo la vidonge, nikasikia maji yakimiminwa, nikamsikia akimeza. Dereva wa lori alikuwa ameacha kutafuna.

"Nimemeza," akasema, sauti imejaa machozi. "Madinah, mtoto wa mama yangu. Umenisamehe?"

"Hapana," nikasema. "Mimi sikupigia wewe. Nilipigia ini yangu. Usiku saa mbili napiga tena, ukae karibu na maji."